Mji Uliokataa Televisheni

Katika mwaka wa 1975 watu wa Igloolik, mji mdogo wa Wainuit uliojengwa juu ya kisiwa tambarare baina ya rasi ya Melville na kisiwa kikubwa cha Baffin, kaskazini ya mbali ya Kanada, mahali ambapo jua huzama mwishoni mwa Novemba lisionekane tena mpaka katikati ya Januari, waliulizwa swali ambalo aghalabu ya wanadamu hawakupata kuulizwa: je, waitaka televisheni au hawaitaki? Wakapiga kura, wakaikataa. Mwaka 1979, ilhali miji mingi ya nchi ile ilikuwa imekwisha kuipokea na majumbani mwao vioo vikiwaka usiku na mchana, wakaulizwa tena, na kwa mara ya pili wakaikataa.

Asiyejua undani wa mambo aweza kudhani kuwa kura ile ilikuwa ukaidi wa watu walioshikamana na mila, wasiotaka kuona chombo kigeni. Lakini watu wa Igloolik walikuwa wamekwisha kuipokea bunduki, na mashine ya kuendea juu ya theluji badala ya mbwa, na redio ya upepo ya kuitana kambi kwa kambi, na ndege iliyowaletea barua, chakula na daktari. Wala hawakuona haya kuvitumia vitu hivyo kwa ustadi uliowashangaza waliovileta. Walichokikataa si chombo, bali usemi wa chombo. Katika matangazo yaliyoshushwa kwao kutoka angani, saa baada ya saa, karibu hapakuwa na neno lolote la Kiinuktitut, lugha yao, wala sura ya Mwinuit. Palikuwa na michezo ya kuigiza ya matajiri wa mijini, na matangazo ya bidhaa zisizouzwa katika duka lao, na habari za mabunge ya mbali. Wazee walipima wakaona kuwa mgeni wa namna hiyo, aingiaye kila nyumba bila kubisha hodi na kusema peke yake bila kusikiliza, sharti azuiwe mlangoni mpaka ajifunze lugha ya wenyeji. Nami naona kuwa katika historia nzima ya utangazaji duniani ni vigumu kupata uamuzi mwingine wa watu wachache hivi uliokuwa na busara kiasi hiki.

Ili kuelewa hofu yao ni lazima kukumbuka kuwa taifa hili lilikuwa limepatwa na mageuzi makubwa katika muda wa kizazi kimoja tu. Mpaka miaka ya 1950 jamaa nyingi za pande zile ziliishi katika kambi zilizotawanyika pwani, wakati wa baridi katika nyumba za theluji au za udongo, wakati wa joto katika hema za ngozi, wakifuata sili, kulungu wa kaskazini na samaki kwa majira yake. Kisha serikali ikajenga shule, zahanati na nyumba za mbao mahali maalumu, ikawavuta watu wahamie huko, na posho ya watoto na elimu yao zikawa kamba za kuwavutia. Watoto wa Igloolik walichukuliwa kwa ndege hadi shule ya bweni ya Chesterfield Inlet, mbali na wazazi, wakafundishwa kwa Kiingereza. Wakirudi nyumbani majira ya joto, baadhi yao walishindwa kuwaelewa bibi zao sawasawa. Watu walioyaona haya kwa macho yao hawakuhitaji kuelezwa na mtaalamu yeyote jinsi lugha inavyofifia.

Televisheni yenyewe ilifika kaskazini kwa hatua mbili. Kwanza, tangu mwaka 1967, Shirika la Utangazaji la Kanada, CBC, lilisafirisha kanda zilizorekodiwa kusini hadi vituo vichache vya kaskazini, zikaonyeshwa huko muda mrefu baada ya kutangazwa kwanza. Hatua ya pili ndiyo iliyobadili kila kitu: mwezi wa Novemba 1972 Kanada ilirusha setilaiti yake ya mawasiliano, Anik A1, na mwaka uliofuata matangazo ya televisheni yakaanza kushuka moja kwa moja katika miji ya kaskazini. Mwaka 1974 serikali ikaazimia kuwa kila mji wenye watu 500 au zaidi ufikiwe na matangazo. Azimio hilo lilihesabu watu. Halikuhesabu lugha zao. Fedha zilipatikana za kujenga mitambo ya kupokelea, lakini za kutengeneza vipindi vya kupokewa na watu wale hasa hazikutengwa. Mtu akiambiwa leo kuwa waliopanga jambo hilo hawakuwa na nia mbaya, na akubali. Madhara mengi ya ulimwengu hayakuletwa na nia mbaya.

Matokeo yake yaliwatia hofu viongozi wa Wainuit waliokuwa wakikua wakati huo. Rosemarie Kuptana, binti wa Sachs Harbour katika Aktiki ya magharibi, ambaye baadaye aliongoza shirika la utangazaji la Wainuit, aliifananisha televisheni ya kusini na bomu la nyutroni, silaha iliyosemwa kuwa huangamiza wenye uhai na kuacha majengo yamesimama: nyumba zingebaki, watu wangebaki wakitembea, lakini kilichowafanya kuwa Wainuit kingekwisha. Maneno haya ni makali, na waliokuwa wakisikiliza katika ofisi za serikali huko Ottawa huenda waliyaona kuwa yamevuka mpaka. Lakini mtu akikumbuka idadi ya wasemaji wa lugha ile, ambao wangeenea wote katika mtaa mmoja wa jiji la Toronto, ataona kuwa alikuwa akipima hatari kwa kipimo cha haki.

Shirika la kisiasa la Wainuit, Inuit Tapirisat of Canada, lililoundwa mwaka 1971, halikuishia kulalamika. Liliomba nafasi katika setilaiti, likapewa ya majaribio, na jaribio hilo likaitwa Inukshuk. Vijana wa kiume na wa kike walifundishwa kushika kamera, kunasa sauti, kukata kanda na kuziunga. Miji 6 iliunganishwa: Frobisher Bay, ambayo sasa ni Iqaluit, na Pond Inlet, Igloolik, Baker Lake, Arviat na Cambridge Bay. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1981 picha zilirushwa kwenda katika miji yote, na watu wa kila mji wakaweza kujibu kwa sauti, hata mzee wa Baker Lake akawa anamwuliza swali mtu wa Pond Inlet aliyemwona kiooni, na jibu likasikika katika miji yote sita kwa mara moja. Msomaji azingatie jambo hili: Igloolik, mji uliokataa televisheni mara mbili, ulikuwa miongoni mwa miji iliyokubali jaribio hili kwa hiari. Wale waliowaza kuwa ukataaji wa watu wale ulikuwa woga walipata hapa jibu lao.

Mwaka 1980 kamati iliyoongozwa na Réal Therrien, chini ya tume ya serikali inayosimamia utangazaji, ilitoa rai kwamba watu wa asili wa kaskazini wapewe njia ya kutangaza kwa lugha zao, na kwamba jambo hili ni wajibu wa nchi, si sadaka. Mwaka uliofuata likapewa leseni Shirika la Utangazaji la Wainuit, Inuit Broadcasting Corporation, lijulikanalo kwa kifupi IBC, na mwezi wa Januari 1982 likaanza kutangaza. Mwezi wa Machi 1983 serikali ikatoa sera rasmi ya utangazaji wa kaskazini, ikatenga zaidi ya dola milioni 40 kwa muda wa miaka minne kuvisaidia vyombo vya watu wa asili kutoka pwani ya Labrador hadi Yukon. Mwaka huo huo wa 1983, walipoona kuwa sasa kiooni wamo watu wasemao kama wasemavyo wao, watu wa Igloolik waliifungulia televisheni mlango.

Vipindi vyenyewe mwanzoni havikuzidi saa chache kwa juma, na kwa kuwa IBC halikuwa na njia yake bali liliazimwa nafasi katika njia ya CBC, mara nyingi vilionyeshwa usiku wa manane, baada ya vipindi vya kusini kwisha. Hapa pana jambo linalouma: mzee aliyengoja miaka kumi kumsikia mtu wa lugha yake katika televisheni alitakiwa sasa akeshe ili amsikie, na mtoto aliyekusudiwa kufunzwa lugha hiyo alikuwa amelala zamani. Hata hivyo watu walikesha.

Na walichokesha kukitazama hakikufanana na televisheni nyingine. Kamera ilimkalia mzee akisimulia, ikamwacha anyamaze kadiri atakavyo kunyamaza, maana kwa adabu ya Wainuit kimya ni sehemu ya mazungumzo na kumkata mzee maneno ni utovu wa murua. Mtangazaji wa kusini angaliona sekunde ishirini za kimya kuwa ni hitilafu ya mitambo. Mwanamke alionyeshwa akikwangua ngozi ya sili tangu mwanzo hadi mwisho, bila haraka, kwa sababu nia haikuwa kumburudisha mtazamaji bali kumwezesha kesho yake naye kuikwangua ya kwake. Palikuwa na kipindi cha habari na mambo ya jamii kilichoitwa Qaggiq, na kipindi cha majadiliano ambacho watu walipiga simu kutoka miji yote wakatoa rai zao juu ya uwindaji, ulevi, shule na siasa ya kudai jimbo lao wenyewe. Palikuwa pia na Takuginai, kilichoanza mwaka 1987 kwa ajili ya watoto, ambamo karagosi na wazee walifundisha hesabu, herufi, na adabu ya kuishi na watu, kwa Kiinuktitut kilicho safi. Kipindi hiki kilidumu miaka mingi, na wazazi waliokuwa wakikitazama wakiwa wadogo walikaa kukitazama tena na watoto wao.

Katika habari hizi zote kuna mtu mmoja ambaye hapana budi tukae naye kidogo. Zacharias Kunuk alizaliwa mwaka 1957 katika kambi ya Kapuivik, akaishi maisha ya nchi kavu na barafu mpaka mwaka 1966, alipoletwa Igloolik kusoma. Huko aliona kwa mara ya kwanza sinema, zilizoonyeshwa katika ukumbi wa mji kwa senti 25, na ili apate kiingilio alichonga vinyago vya jiwe akaviuza. Akawa mchongaji mwenye sifa. Mwaka 1981 alichukua vinyago vyake vitatu mpaka Montreal, akaviuza, na kwa fedha hizo akanunua kamera ya video, mashine ya kuonyeshea kanda na televisheni, akarudi navyo katika mji ambao ulikuwa bado umeikataa televisheni kwa kura. Nia yake, kama alivyosimulia mwenyewe, ilitokana na hadithi za babake na wawindaji wenzake, ambao wakirudi safarini waliketi wakinywa chai na kueleza yaliyowapata. Alitamani kuyanasa yale kama yalivyo. Alipowasha mashine yake jioni, watoto wa jirani walikusanyika nje ya dirisha lake wakichungulia.

IBC lilipofungua kituo Igloolik, Kunuk aliingia kazini, akakutana na Paul Apak Angilirq, kijana aliyefunzwa tangu siku za Inukshuk, mtu wa azma kubwa na moyo wa msafiri, ambaye mwaka 1987 alifuatana na msafara wa mbwa kutoka Igloolik mpaka kaskazini ya Greenland, akipiga picha njia nzima, wakiifuata njia iliyopitwa katika karne ya 19 na mganga mashuhuri Qitdlarssuaq alipowaongoza watu wake kuvuka bahari ya barafu. Akakutana pia na Norman Cohn, mpiga video mzaliwa wa New York aliyevutiwa na kazi ya Kunuk mpaka akahamia Igloolik, na mzee Pauloosie Qulitalik, ambaye fadhila yake ilikuwa kujua: alijua namna gani nyumba ilijengwa, namna gani mtu aliongea na mkwewe, namna gani mbwa waliitwa. Hawa wanne, walipoona kuwa wanataka kazi ambayo mashauri yake yatakatwa Igloolik kwenyewe, wasingoje idhini ya ofisi iliyo mbali, waliunda mwaka 1990 kampuni yao, Igloolik Isuma Productions. Mwaka uliofuata wanawake wa mji huo nao wakaanzisha kikundi chao cha video, Arnait, ambamo Madeline Ivalu na Susan Avingaq walikuwa miongoni mwa nguzo zake, wakarekodi habari za uzazi, ukunga, ushoni na nyimbo, mambo ambayo kamera za wanaume zilikuwa zimeyapita kando.

Kazi kubwa ya Isuma kwa televisheni ilikuwa mfululizo wa sehemu 13 ulioitwa Nunavut, uliotengenezwa mwaka 1994 na 1995. Ulirudisha maisha ya watu wa Igloolik katika mwaka wa 1945 na 1946, wakati ule wa mwisho kabla ya mji, shule na serikali. Na ulianza kwa safari ya mbwa ukamalizika kwa sikukuu ya Krismasi. Hapakuwa na waigizaji wa kazi. Watu wa mji walivaa mavazi ya ngozi yaliyoshonwa na wanawake wa mji kwa kuongozwa na wazee, wakajenga nyumba ya theluji, wakawinda sili wa kweli, wakanaswa wakila nyama ya kweli, na maneno yao hayakuandikwa katika karatasi, bali waliambiwa hali ilivyo, kisha wakasema kama ambavyo wangalisema. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1945 walisimama nyuma ya kamera wakisahihisha: kisu hakishikwi hivyo, mtoto hajibu hivyo. Kwa njia hii, katika kutengeneza kipindi cha nusu saa, elimu ilihama kutoka kwa mwenye miaka 70 kwenda kwa mwenye miaka 20, na nadiriki kusema kuwa hata kama kanda ile ingalipotea kabla ya kuonyeshwa, kazi kubwa ingalikuwa imekwisha kufanyika. Tena fedha za mfululizo ule zililipwa kwa mafundi cherehani, wawindaji, wachonga mifupa na waendesha mbwa, katika mji ambao kazi za mshahara zilikuwa haba.

Wakati huo mambo ya njia ya kutangazia yalikuwa yakienda mbele na nyuma. Mwaka 1990 serikali ilipunguza ruzuku za utangazaji wa kaskazini, na mpango wake wa kusaidia magazeti na mawasiliano ya watu wa asili ukafutwa kabisa. Lakini mwezi wa Januari 1992 mashirika ya kaskazini, IBC likiwa mmoja wa viongozi, yalifungua njia yao wenyewe, Television Northern Canada, iliyoenea katika eneo lenye theluthi moja ya ardhi ya Kanada, na tangu hapo vipindi vya Kiinuktitut viliweza kuonyeshwa saa ambazo watoto wako macho. CBC nayo, mwaka 1995, ilianzisha habari za kila siku za televisheni kwa lugha hiyo, kwa jina la Igalaaq. Tarehe 1 Aprili 1999 jimbo la Nunavut lilizaliwa, wenyeji wengi wakiwa Wainuit, na mwezi wa Septemba mwaka huo njia ya kaskazini ikageuka kuwa ya nchi nzima, APTN. Mabadiliko haya ya mwisho yalikuwa na faida na hasara: mwenyeji wa Vancouver aliweza sasa kuwaona Wainuit kiooni, lakini Kiinuktitut kilikuwa sasa kimoja katika lugha nyingi zilizogawana saa chache, na Kiingereza kikashika sehemu kubwa.

Filamu ya Atanarjuat, iliyomletea Kunuk tuzo ya Caméra d'Or mjini Cannes mwaka 2001, ni mashuhuri mno kiasi kwamba watu husahau kuwa ni tunda la miaka ya televisheni. Apak, aliyeandika mchezo ule kwa Kiinuktitut baada ya kukusanya kutoka kwa wazee mbalimbali hikaya iliyoizaa filamu hiyo, alifariki mwaka 1998 asiione imekamilika. Waigizaji walikuwa watu wa Igloolik, na mmoja wao, Lucy Tulugarjuk, aliyemwigiza Puja, mwanamke mjeuri wa hikaya hiyo, ndiye aliyekuja kuongoza kazi ambayo wenzake walikuwa wakiiota tangu awali: tarehe 18 Januari 2021 ilifunguliwa Uvagut TV, njia ya kwanza ya televisheni nchini Kanada kutangaza saa 24 kwa siku kwa lugha ya Wainuit. Hazina ya Isuma na Arnait, kanda za miongo mitatu na zaidi, ilipata hapo mahali pa kuonekana pasipo kuazimwa saa na mtu yeyote.

Lakini Kunuk na wenzake hawakutaka njia hiyo iwe makumbusho. Kaskazini ya kisiwa cha Baffin, mahali paitwapo Mary River, pana mlima wa chuma, na kampuni ya kuchimba madini ilikuwa ikiomba ruhusa ya kuupeleka ulimwenguni kwa reli na meli kubwa, kupita katika bahari wanamowinda watu wa Igloolik na Pond Inlet. Mwaka 2012, baraza la kuchunguza athari za mgodi huo lilipokutana Igloolik, Kunuk alisimama akalitolea hoja kuwa watu hawawezi kukubali wala kukataa jambo lililoandikwa katika maelfu ya kurasa za Kiingereza, na kwamba haki yao ni kuelezwa kwa sauti na picha, kwa lugha yao, majumbani mwao, kisha wajibu. Uvagut TV ilikuwa na siku chache tu tangu izaliwe, mwishoni mwa Januari 2021, wakati baraza lile lilipofungua kikao cha kusikiliza maombi ya kuupanua mgodi, na njia mpya ikakitangaza kikao hicho papo kwa papo. Wawindaji walisimama mmoja mmoja wakaeleza, kwa Kiinuktitut, mahali nyangumi wenye pembe wanapopita, mwaka gani walipungua, na barafu ya upande upi imebadilika tangu meli zianze kupita. Mawakili na wahandisi wa kampuni wakavaa vifaa vya masikioni ili wafasiriwe. Katika miji ya Nunavut, watu waliokuwa nyumbani waliketi mbele ya kioo wakisikiliza, siku baada ya siku, kwa muda wa majuma mawili.